Kwa Zuena, Anayepanda Lori la Sabuni Kesho

Zuena mwanangu,

Najua utacheka ukiona nimeandika "mwanangu". Juzi kisimani wale wasichana wa mtaa wetu walikuuliza, "Zuena, huyo baba yako ataota ndevu lini?" Ukawajibu, "Zikiota mutanyolewa nazo!" Jibu hilo halina maana yoyote, lakini walinyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nimebeba ndoo, nikaona aibu kutokea mpaka walipoondoka. Ndivyo nilivyo. Lakini kwetu mdogo wake baba ni baba, hata akiwa bado mwanafunzi na sauti yake inakatika katikati ya salamu. Baba yako hayupo. Basi baba ni mimi, na mtoto anaposafiri baba huwa na neno la kumpa. Mimi maneno ya mdomoni yananishinda, kwa hiyo naandika.

Kesho asubuhi utapanda lori la Bahati, dereva anayebeba sabuni yangu, kama utakubali kupanda. Hilo ndilo linalonisumbua tangu mchana. Umesema hupandi mpaka niape kwa Mungu kwamba nitakufuata Uvira, ng'ambo ya mpaka. Umeniuliza wakati wa kula, ukaniuliza tena nilipokuwa nakoroga pipa, na mara zote mbili nimejifanya nashughulika na moto. Sijaapa. Sasa nimekaa nyuma ya nyumba yetu juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na chungu cha majivu, maji yake yanadondoka polepole. Askari anayenichunga ameenda kula. Lazima nimalize kabla jua halijazama, kwa sababu taa haziruhusiwi. Labda nikifika chini ya karatasi nitakuwa nimejua la kukuambia.

Barua hii hutaipokea mkononi mwangu. Mama Furaha, mke wa Bahati, ataiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akupe mkishavuka mpaka. Nilimuuliza Bibi kama si vibaya, maneno yetu kulala ndani ya kitabu cha Wakristo. Akasema, "Yalale tu. Huko hakuna anayeyapekua."

Sitakuandikia habari za kuoga, kuchana nywele na kuamkia wakubwa. Bibi ameshakuambia yote, na mengine ameyarudia mpaka ukaziba masikio. Nataka kukuambia jinsi nilivyofika kwenye ndoo hii. Ukiwa mkubwa watu watakuuliza baba yako mdogo alibaki kwa nini, na nisingependa ujibu kwa kubahatisha.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Baba yako Rajabu alinibeba mabegani tukaenda kuangalia ngoma. Bendera siikumbuki vizuri. Nakumbuka harufu. Wanawake wote walikuwa wamefua kwa sabuni ya dukani, ile ya mche mrefu, na uwanja mzima ulinukia sabuni hiyo. Baba yako akaniambia, "Idi, nusa! Leo kila mutu iko musafi." Nikadhani hiyo ndiyo maana ya Uhuru, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kufikiri vingine.

Bibi hakufurahia sabuni ile. Tangu usichana wake yeye alikuwa mpika sabuni. Alichukua mashada matupu ya michikichi, yale yanayobaki chikichi zikishapukuchuliwa, akayakausha, akayachoma, akayachuja majivu yake kwa maji, kisha akapika maji hayo makali pamoja na mawese. Sabuni yake ilikuwa nyeusi na laini, ikiuzwa imefungwa kwenye jani la mgomba. Ya dukani ilipojaa, wateja wakamwacha. "Sasa wanataka sabuni yenye kusimama yenyewe kama askari," akasema, na chungu chake cha matundu, cha kuchujia majivu, kikawa kiota cha kuku.

Mashada matupu yakawa ni ya kutupwa tu. Nyuma ya mashine ya kukamua mawese yalirundikana mpaka yakajaza korongo, yakaoza, yakatoa nzi, na wakati mwingine yakashika moto yenyewe ndani kwa ndani. Baba yako alifanya kazi kwenye mashine ile. Jioni alirudi ananuka lundo, nasi tulikula naye hivyo hivyo.

Kisha mimi nikaenda sekondari, nikakutana na shimi, yaani somo la vitu vinavyogeuka kuwa vitu vingine. Darasani sikuwahi kuinua mkono. Mwalimu akiuliza nami najua, jibu lilinijaa mdomoni kama maji, nikalimeza. Siku moja alisema kwamba ndani ya majivu ya mimea kuna chumvi kali iitwayo potasi. Mmea umeinyonya ardhini maisha yake yote, na moto ukishakula kila kitu kingine, yenyewe hubaki. Akasema huko Ulaya zamani watu walimaliza misitu mizima kwa kuitafuta. Nililiona lile lundo la korongoni. Sisi hatukuhitaji kukata hata mti mmoja. Tulikuwa tunaitupa kila siku ya Mungu na kuziba pua tukipita. Nilitaka kusimama nimwambie mwalimu, "Kwetu iko, imejaa." Nikainama, nikaandika tarehe.

Likizo ilipofika nilienda korongoni na gunia. Nilichukua majivu yaliyokuwa juu, yale mashada yaliyojiunguza yenyewe. Nikayachuja, nikachemsha, nikatia mawese, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Haikuwa sabuni. Ilikuwa maji machafu yenye mafuta juu. Nilidhani kitabu cha shimi kimenidanganya, kumbe mvua ilikuwa imenitangulia. Maji ya mvua yalikuwa yamekwishaichukua potasi yote na kuipeleka ziwani, mimi nikabaki na vumbi lisilo na kitu. Mara ya pili nikachoma mwenyewe, nikachukua majivu yangali ya moto. Maji yakatoka mekundu kama chai, makali, yanateleza vidoleni. Kwa furaha nikayabandika jikoni katika sufuria nzuri ya Bibi, ile ya kupikia wali wa sikukuu.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini naamini unakumbuka, maana ndiwe uliyepitisha kidole kwenye tundu. Maji yale yalianza kuchemka kwa namna ya ajabu, povu likipanda hata moto ulipopungua. Nilipoyamwaga, sehemu ya chini ya sufuria ilikuwa nyeusi na nyembamba kama karatasi, na jua linaonekana upande wa pili.

Bibi akaja.

"Weye mutoto wa masomo! Sufuria yangu imekula nini?"

"Haikula, Bibi. Imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na potasi."

"Huyo Potasi ni mutoto wa nani hapa mutaani? Mwambie alete sufuria."

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Kitabuni ilikuwa imeandikwa wazi kwamba maji ya namna hiyo hula alumini, lile bati jepesi, nami nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo na kuipigia mstari. Niliijua. Sikujua tu kwamba inazungumza habari za jikoni kwetu. Makosa yangu mengi yamekuwa ya namna hii: kitu nakijua, lakini nadhani ni cha watu wa mbali.

Siku ya pili Bibi aliwafukuza kuku kwenye chungu. Akanionyesha jinsi ya kutandika nyasi chini ili majivu yasipite, na jinsi ya kupima ukali kwa unyoya wa kuku: ukiyeyuka, maji yameiva. Tukapika katika pipa la chuma. Sabuni ilitoka, laini kama ya zamani. Niliipeleka sokoni na mama mmoja muuza samaki akaichota kwa kidole. "Idi, hii ni ya kufulia ao ya kunywa?" Wenzake wakaanza, "Uji huo! Uji wa sabuni! Nani iko na sukari?" Nilirudi bila kuuza, nimefunika kapu kwa shati langu.

Hapo kitabu nacho kikafanya kazi yake. Kilisema ukiichemsha sabuni laini pamoja na chumvi ya kula nyingi, inajitenga na maji, inapanda juu nyeupe nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na ikipoa inakuwa ngumu. Bibi hakuamini. "Chumvi kwenye sabuni? Utafulia mchuzi?" Tulipoukata mche wa kwanza, aliugonga kwenye nguzo ya mlango mara nyingi, akisikiliza. Kisha akaulamba. Kisha akamwita baba yako, "Rajabu, njoo uone! Imesimama!" Baba yako akatuchongea vibao vya kuimwagia ili igande. Wakati ule tulikuwa na furaha kuliko nilivyojua. Jioni tulikuwa tukijaribu kila takataka: maganda ya ndizi, maganda ya kahawa, mabua. Tukachoma, tukachuja, tukapima kwa unyoya. Maganda ya ndizi ni makali kweli. Ungetuona ungedhani tunacheza.

Sasa nije mwaka huu.

Mwezi wa nne nilirudishwa nyumbani na malaria. Homa ndiyo iliyonitoa shuleni. Wenzangu walibaki. Habari zao sina. Bahati hupita karibu na shule ile kila anapoenda Bujumbura. Mimi simuulizi, naye hanitajii. Yaliyotokea hapa kando ya ziwa uliyaona kwa macho yako na sitayaandika. Baba yako aliitwa kazini asubuhi kama siku yoyote, na hakurudi. Wewe ukaenda kukaa njia panda, pale malori yanaposimama. Nami nikakuambia, "Atarudi." Nilikuambia asubuhi, nikakuambia jioni. Bibi alinikemea, "Unamulisha mutoto upepo." Nilijua. Lakini kila nilipotaka kuacha kulisema neno hilo niliona siwezi, kwa sababu kuacha kungekuwa ni kusema neno jingine. Ulikaa pale juani mpaka ngozi ya pua ikababuka. Ukweli, Zuena, ni kwamba sijui baba yako yuko wapi. Sikujua siku ile, na leo sijui. Hilo ndilo jibu langu lote, na ningekupa tangu mwanzo.

Baadaye ndipo askari walipokuja kututoa majumbani, wanaume wa mtaa wote, tukapangwa mbele ya maduka yaliyofungwa. Walianza kuuliza karatasi, mmoja mmoja, kutoka upande wa pili wa mstari. Mfukoni nilikuwa na kadi ya shule. Siku zile hakuna aliyetaka kukutwa na kadi ya shule, maana waliosoma ndio waliokuwa wakichukuliwa, nami sikuweza hata kuingiza mkono mfukoni kuitupa. Mkubwa wa kambi alikuwa anatembea mbele yetu anajikuna shingo. Maduka hayakuwa na kitu, malori hayaji, na askari wake walikuwa wamejaa upele. Akasema, kama mtu anayesema peke yake, "Hapa hakuna anayejua kupika sabuni?"

Hakuna aliyependa kuonekana anajua kitu.

Na mimi, ambaye mbele ya mwalimu mpole sikuwahi kuinua mkono hata siku moja, nikauinua.

"Weye?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Umejifunza wapi?"

Potasi, kitabu, mwalimu, ile sentensi niliyoipigia mstari, yote yalinijaa mdomoni. Nikayameza.

"Kwa bibi yangu."

"Unajua kusoma?"

"Jina langu tu, mukubwa."

Akanishika mkono akaugeuza, kama mtu anayechagua samaki. Ngozi ilikuwa imeliwa na maji ya majivu, imechanika katikati ya vidole. "Mikono ya mupishi huyu," akawaambia wenzake, wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo. Walipofika kwangu hawakuniuliza karatasi.

Nilipofika nyumbani niliichoma ile kadi, na daftari za shimi, na kitabu. Viliungua upesi. Majivu yake niliyatia kwenye chungu pamoja na mengine, na sabuni ya wiki ile ikawa nzuri.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Wananipa mafuta, wananipa chumvi, lundo la korongoni ni langu lote, na moshi wangu ndio moshi pekee ambao hakuna anayeuogopa. Asubuhi askari anakuja kukaa karibu nami, jioni ananisindikiza korongoni kuchukua mashada. Siruhusiwi kuvuka bariyeri ya askari katika njia ya Magara wala ile ya njia ya Bugarama. Ziwa liko pale pale, lakini mitumbwi imevutwa juu na makasia yamechukuliwa. Asubuhi nikinawa uso naona milima ya ng'ambo wazi kabisa, naweza hata kuona moto wa mashamba yao, na naona kama ni picha iliyobandikwa ukutani.

Unaniuliza kwa nini nisijifiche chini ya maboksi ya sabuni kwenye lori. Nilishafikiri. Mkubwa wa kambi naye alishafikiri. Aliniambia kwa upole, huku ananawa mikono kwa sabuni yangu, "Siku usipoonekana kwenye majivu, nitamuuliza bibi yako." Bibi hawezi kutembea hata mpaka msikitini, unauona mguu wake. Alipopata habari alisema, "Nendeni, muniache, nimekula chumvi nyingi." Nikamwambia asirudie. Usimlaumu kamwe. Hakuomba kuwa pingu ya mtu.

Bahati ana karatasi ya njia yenye jina lake, la mkewe na la mtoto mmoja wa kike. Mtoto wao mwenyewe yuko Uvira tangu kabla ya mambo haya. Karatasi hiyo ni ya kesho. Baada ya kesho hajui kama atapewa nyingine. "Huyu atakuwa Furaha wangu mpaka ng'ambo," aliniambia. "Wakiniuliza mbona hafanani nami, nitasema hata mimi najiuliza, na Mama Furaha atanipiga kofi mbele yao, waamini." Anafanya utani ili nisione kwamba naye anaogopa. Mtii. Njiani akikuita Furaha, itika.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, nalo ndilo linalonitia aibu zaidi. Naipenda kazi hii. Nachukia kwa nini naifanya na kwa ajili ya nani, lakini maji yanapoanza kutoka mekundu chini ya chungu, moyo wangu unaruka kama siku ile darasani. Nimejaribu kupika vibaya makusudi, nimeshindwa. Mkono unarekebisha wenyewe. Sasa sabuni yangu haichubui, na juzi askari mmoja aliinusa akaomba kipande ampelekee mama yake. Nilimpa kizuri. Sijui hilo linanifanya kuwa mtu gani. Nimelifikiri mbele na nyuma, na kila upande nakuta ukuta.

Kwa hiyo sina busara ya kukufungia safarini. Nina ombi moja. Huko uendako kuna shule, Bahati ameniambia. Wakikuuliza kama unajua kusoma, sema ndiyo. Sema kwa sauti. Mwalimu akiuliza nawe unajua, inua mkono, hata kama huna hakika, hata kama watacheka. Mimi niliuhifadhi mkono wangu miaka yote ile, na mara ya kwanza nilipouinua nilikuwa namjibu mtu mwenye bunduki. Wewe uanze mapema, kwa watu ambao wakikusikia umekosea watakupa tu alama mbaya.

Umekuja sasa hivi. Nimeifunika karatasi kwa goti, ukaona.

"Unaandika nini?"

"Hesabu za sabuni."

"Muongo. Hesabu huandiki na ulimi inje."

Umekaa kwenye gogo la kuni na furushi lako umeliweka mapajani, limeshafungwa, kama lori linapiga honi mlangoni. Nimeona gauni lako jekundu linatokeza pembeni. Ukaniuliza tena, mara ya tatu.

"Baba Mudogo, utaapa?"

Tone limedondoka chini ya chungu, na jingine. Kisha nimesema lile nililoamua nikiwa katikati ya kuandika, kwamba angalau hili moja sitakudanganya.

"Hapana, Zuena. Sitaapa."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilitegemea utalitupa furushi na kukimbilia chini ya kitanda cha Bibi, na mimi nitakuja kukutoa kwa nguvu kesho, ukiniuma mikono. Hukulia. Ulitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa chenji sawa.

"Vizuri," ukasema.

"Vizuri nini?"

"Baba aliniapia. Asubuhi ile, mbele ya kwenda kazini. Nilimushika shati, nikamwambia aape, akaapa wallahi jioni yeye iko hapa. Hakurudi." Ukalikaza fundo la furushi kwa meno. "Wenye kuapa hawarudiake. Nilikuwa nakupima tu. Weye hukuapa. Basi utakuja."

Nikafungua mdomo.

"Nitapanda," ukasema, ukasimama, ukaenda. Nakusikia sasa uani unamwambia Bibi, "Bibi, napanda kesho! Nisuke nywele!" na Bibi anamshukuru Mungu kwa sauti, analia, anakuambia ukae vizuri asije akakuvuta sikio.

Zuena, mdomo wangu bado uko wazi. Nilikataa kuapa ili nisikudanganye, na kukataa kwangu ndiko kulikokudanganya. Nikikuita sasa hivi nikuambie umeelewa vibaya, utalifungua furushi, na karatasi ya Bahati itaondoka na jina la mtoto asiyekuwemo. Nikinyamaza, nitakuwa nimekuapia kiapo kikubwa kuliko alichoapa baba yako, bila kutumia neno hata moja. Nimeinuka mara moja kuja uani. Nimefika kwenye kona, nimeona kichwa chako katikati ya magoti ya Bibi, nusu kimesukwa. Nimerudi kukaa kwenye ndoo.

Nitanyamaza leo; ukweli utausoma hapa ukishavuka. Nimekwisha kuamua, na karatasi imekwisha kufika chini, kwa hiyo soma polepole.

Siji. Siji mwezi huu, wala sijui mwezi ambao nitakuja. Maadamu Bibi yuko hai siondoki hapa, na siwezi kutamani kuja kwako bila kutamani kitu ambacho sitaki kukitamani. Kwa hiyo nimejizuia hata kutamani. Usiende kukaa mahali malori yanaposimama. Usimuulize Bahati kila anaporudi. Akiwa na habari atakupa, asipokuwa nazo atakuwa amechoka tu na njia. Ile hesabu yako ya wenye kuapa na wasioapa haikuwa mbaya, ulikuwa umeifikiria vizuri, ila mimi nimeiharibu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Mama Furaha nitamwambia atakuona unalia siku fulani, naye asikuulize sababu.

Jua limegusa maji na herufi sizioni vizuri. Kesho ukiwa kwenye lori utanipungia mkono kidogo tu, kama watu wanaoachana kwa siku mbili, halafu utageuka kuangalia mbele, kwa sababu hujawahi kukaa mbele ya gari. Nami nitakupungia hivyo hivyo, kidogo tu. Unisamehe mkono huo.

Baba yako,
Idi